Tukiondoka leo, watoto wetu watalala kwa nani? Wazazi wenye watoto wadogo, tuzungumze wosia

MwalimuBahati

Wanajamvi, poleni na kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Bahati, Nakuru. Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni Malaba na kurudi. Tuna watoto wawili, wa miaka 9 na miaka 4.

Mwezi wa pili tulizika majirani zetu, mume na mke, ajali moja. Waliacha watoto watatu. Jioni baada ya mazishi wazee wa pande zote mbili waliketi nyuma ya nyumba kuamua nani amchukue nani. Siwalaumu, kila mtu alisema alichoweza. Mkubwa akachukuliwa na baba mdogo Busia. Wa kati akaenda kwa nyanya yake Molo. Mdogo, wa miaka 3, akabebwa na shangazi hadi Kisumu. Yule wa kati alikuwa amesimama karibu na tangi la maji, akauliza nani atamfunika mdogo wake usiku, maana wawili hao walikuwa wakilala kitanda kimoja. Hakuna aliyemjibu. Mimi pia nilikuwepo na sikumjibu.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nilimwambia mume wangu tuandike wosia, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema tuanze kwa kuandika tulicho nacho. Orodha yenyewe ni fupi: ploti ya 50 kwa 100 hapa Bahati, hatimiliki ina jina lake pekee. Akiba zetu mbili za Sacco. Akaunti mbili za benki. Bima ya maisha ya kazini kwangu. Na shamba la kwao Vihiga, ambalo hadi leo liko kwa jina la babu yake aliyekufa kabla sisi hatujaoana.

Maswali yangu ni haya. Tukiandika nani atalea watoto, karatasi hiyo ina nguvu mbele ya ukoo? Pili, mume wangu anasema akitangulia yeye kila kitu ni changu tu, hakuna haja ya kuandika. Ni kweli? Na hilo la Vihiga tulifanyeje?

---

Kijana_Kondele

Pole mwalimu. Ila nikwambie ukweli, kwetu mtu akianza kupanga kifo chake watu huona anakiita. Baba yangu nilimuuliza habari ya shamba mara moja tu, akaniuliza kama nimechoka kumuona. Halafu watoto ni wa ukoo. Karatasi haiwezi kushinda ukoo. Mnakumbuka kesi ya S.M. Otieno mwaka 1987? Mke alipigana hadi Mahakama ya Rufaa, na bado marehemu akazikwa kwao Siaya kama ukoo ulivyotaka.

---

NyarAhero

Kijana, nilikuwa nikiwaza kama wewe. Ngoja nikupe yangu.

Mume wangu alifariki nikiwa na watoto watatu, mdogo akiwa hajafikisha mwaka. Hakuwa na wosia. Tulikuwa tumenunua ploti Mamboleo, na kulikuwa na pesa benki, si nyingi lakini za kutosha karo ya miaka kadhaa. Nilidhani nitaenda kortini na cheti cha ndoa na cheti cha kifo, nipewe, nirudi nyumbani.

Nikaambiwa kwa kuwa watoto hawajafika miaka 18, siwezi kuwa msimamizi peke yangu. Lazima tuwe wawili. Familia ikamtoa shemeji yangu. Mwanzoni nilifurahi hata, nikaona ni ndugu yake, atanisaidia kukimbia huku na huku. Tukapewa ile karatasi ya korti ya kusimamia mali ya marehemu, watu huiita granti, mimi na yeye.

Ilipofika wakati wa kuithibitisha ndipo aliponigeuka. Alitaka ploti iuzwe, mimi nikakataa. Basi akawa hatii sahihi kitu chochote. Benki nayo ilitaka sahihi zote mbili. Nilikaa miaka minne nikiona pesa za watoto wangu kwenye taarifa ya benki na siwezi kulipa karo ya darasa la tatu. Nilikuwa nikiuza omena Ahero sokoni kuanzia saa kumi na moja asubuhi, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa deni la shule. Mwishowe korti ilimwondoa, ikamweka dada yangu mahali pake.

Mume wangu alinipenda, hilo sina shaka. Hakujua tu kwamba kwa kutoandika alikuwa ameacha mtu mwingine amchagulie mshirika wangu. Mwalimu, mwambie mume wako hivyo hivyo.

---

KaraniMstaafu_Ksm

Nilikaa kwenye dawati la mirathi kortini miaka 26. Mniwie radhi kwa urefu.

Kijana, kesi ile ya 1987 ilihusu maiti na mahali pa kuizika. Haikusema ukoo unachukua watoto au mali. Ni mambo mawili mbalimbali na watu wameyachanganya tangu wakati huo, nami nimeona wajane wakitishwa nayo ilhali haiwahusu kabisa.

Mwalimu, nianze na swali lako la pili, maana ndilo linaloumiza wengi. Mtu akifa bila wosia, kinachogawa mali yake ni Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1981. Ukiwa mke mmoja na mna watoto, vitu vya nyumbani ni vyako moja kwa moja: vitanda, sufuria, viti, redio. Vingine vyote, yaani ploti, shamba na pesa, unapewa haki ya kuvitumia maisha yako yote, lakini mwisho wake ni vya watoto. Ukitaka kuuza ardhi ili ulipe karo, lazima korti ikubali. Kwa hiyo "kila kitu ni chako" si kweli.

Hapo sasa kuna kifungu cha 58, ndicho kilichompata NyarAhero. Watoto wakiwa chini ya miaka 18, mali yao inashikwa kwa amana, na palipo na amana ya namna hiyo bila wosia, korti haimpi mtu mmoja usimamizi peke yake. Nia yake ni njema, kumlinda mtoto asije akadhulumiwa na mzazi aliyebaki. Lakini sheria haijui nani mwema katika familia yako. Wewe unajua. Ukiandika wosia ukamtaja msimamizi wako na wadhamini wa mali ya watoto, umechagua mwenyewe hao watu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya mzazi kijana kuandika, kuliko hata kugawa ploti.

Swali la kwanza: ndiyo, karatasi ina nguvu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamruhusu mzazi kuteua mlezi kwa wosia. Mmoja wenu akibaki hai, mlezi aliyeteuliwa na aliyetangulia atashirikiana na mzazi huyo, hampokonyi watoto. Wakikosana, korti ya watoto inaamua, na inaangalia kwanza maslahi ya mtoto. Jamaa wanaweza kupinga, hilo lipo. Lakini ni tofauti kubwa sana kati ya hakimu aliye na maandishi ya wazazi mbele yake na hakimu anayesikiliza mashangazi sita wakilia.

Na hapa nakuomba sana: mlezi wa mtoto si lazima awe mshika pesa. Yule mwenye mkono wa kulea huenda hana mkono wa hesabu, na yule wa hesabu huenda hana subira ya mtoto anayekojoa kitandani. Wagawe. Mmoja alee, wengine wawili washike mali, na kila muhula wampe mlezi pesa za matumizi. Wanachungana bila ugomvi.

---

MwalimuBahati

Mzee karani, Mungu akubariki. NyarAhero, nimesoma yako mara mbili. Nimemsomea mume wangu kwa simu, yuko foleni Malaba. Akasema, "Basi tuandike."

Mlezi tumekubaliana ni dada yangu mdogo, yuko Njoro, watoto wanamzoea. Je, naweza kumwita yeye na mama mkwe waje watie sahihi kama mashahidi? Tulikuwa tunataka kumwachia mama mkwe pia kitu kidogo cha kila mwezi kutoka kodi ya nyumba.

---

KaraniMstaafu_Ksm

Simama hapo mwalimu! Mama mkwe asiguse kalamu.

Aliyeachiwa kitu kwenye wosia akiwa shahidi wa wosia huo huo, zawadi yake inaanguka, isipokuwa kuwe na mashahidi wengine wawili zaidi. Hata mume au mke wa shahidi, ni vivyo hivyo. Wosia wenyewe haufi, ila huyo mama atakosa alichoandikiwa, na familia itasema mwalimu alimtega. Nimeiona hiyo kwa macho yangu na ilivunja nyumba ya watu wazuri.

Tafuta watu wawili wazima ambao hawapati chochote. Mwalimu mwenzako, jirani, mzee wa kanisa. Utie sahihi wakikuona, nao watie sahihi wakiwa mbele yako. Andika tarehe. Na dada yako mlezi, hata kama hujamwachia mali, mtoe kwenye ushahidi, usimpe mtu neno la kusema.

Muhuri wa chifu si lazima. Wakili si lazima, ingawa kama kuna mke wa pili, biashara au kesi ya ardhi, usijaribu peke yako. Kiswahili kinatosha, kiandike vizuri tu. Mume na wosia wake, mke na wosia wake, msiandike mmoja wa pamoja. Na huo wa kwenye video ambao vijana wananiuliza: wosia wa mdomo unakubalika mbele ya mashahidi wawili, lakini una nguvu tu ukifariki ndani ya miezi mitatu tangu uuseme. Ukiishi mwezi wa nne, maneno hayo ni hewa.

---

DadaWaSacco_Kakamega

Naongeza la kazini kwangu kwa sababu watu wanasahau. Pesa za Sacco na za pensheni mara nyingi haziendi kwa wosia. Zinakwenda kwa yule uliyemwandika kwenye fomu ya mteule siku ulipojiunga. Sasa nauliza, wewe ulijiunga lini? Mimi nahudumia watu waliojaza fomu wakiwa na miaka 23, hawajaoa, wakaandika jina la mama au la kaka. Leo wana watoto wanne na hawajawahi kurudi kubadilisha. Mwanachama akifa, mjane anakuja na watoto, nami nafungua faili nakuta jina la kaka. Siku hiyo hata chakula hakishuki.

Nendeni wiki hii. Fomu ni ukurasa mmoja. Mkimwandika mtoto mdogo, mtaje na mtu mzima atakayepokea kwa niaba yake, la sivyo itabidi mtu aende kortini kwanza kwa ajili ya hizo pesa. Vivyo hivyo bima, vivyo hivyo NSSF.

---

Kijana_Kondele

Nimeenda kuangalia fomu yangu leo. Nilikuwa nimemwandika mtu tuliyeachana naye 2018. Asante dada.

Lakini bado nina swali, na naliuliza bila ubaya. Msichana ataolewa. Kwa nini umuandikie shamba la ukoo liende kwa watu wengine? Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anabaki na boma la baba, ndio mpango umekuwa hivyo.

---

NyarAhero

Ataolewa, na akiachwa? Mimi nina wasichana wawili. Kama si dada yangu, wangekuwa wapi?

---

KaraniMstaafu_Ksm

Kijana, umeuliza vizuri. Ile Sheria ya Urithi haikuwahi kusema mtoto ni wa kiume. Ni watu waliosoma hivyo. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ikiketi Eldoret iliamua kesi ya familia moja ya Uasin Gishu, baba wa wake wawili, shamba kubwa, nyumba moja ikiwa na wasichana watupu. Korti ya chini ilikuwa imewapa wavulana sehemu kubwa kuliko wasichana kwa hoja hiyo hiyo yako ya kuolewa. Mahakama ya Rufaa ikakataa. Halafu Katiba ya 2010 ikaja ikakaza kabisa.

Boma la baba linaweza kubaki kwa kitinda mimba, hakuna anayekataza, alimradi wengine wapate haki yao kwingine. Andika sababu kwenye wosia. Mtoto akijua baba alifikiri nini, hata akipata kidogo hasononeki sana.

---

Mzee_wa_Mbale

Mwalimu, mimi ni wa Vihiga, na hilo shamba la babu ni ugonjwa wa nyumba nyingi huku.

Mume wako hawezi kuwaachia watoto wake kitu ambacho bado si chake. Akiandika "shamba langu la Vihiga nawapa watoto", ni maneno tu. Babu yao ndiye mwenye hati. Lazima mirathi ya babu ifunguliwe kwanza, halafu ya baba mkwe wako kama naye ameshakufa, ndipo sehemu ya mume wako ijulikane. Sisi tulichukua barua ya chifu yenye majina ya watoto wote wa mzee, wa kike na wa kiume, walio hai na waliokufa wakaacha watoto. Tukafanya sachi ya ardhi, yaani kuangalia ofisi ya ardhi shamba liko kwa jina la nani, tukapeleka kortini, tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za mtu kupinga, kisha granti, kisha miezi sita, kisha kuthibitisha. Hapo ndipo tukamwita mpima ardhi.

Iliyotuchelewesha zaidi ilikuwa shangazi yetu mmoja aliyeolewa Tiriki, ambaye ndugu zangu walitaka tumwache nje ya orodha. Nilikataa. Chifu naye alikataa kupiga muhuri bila jina lake. Tulipomwendea alilia, akasema hataki shamba, anataka tu kuulizwa. Akatia sahihi ya kuachilia sehemu yake. Tungemficha angekuja siku moja na watoto wake, korti ingefuta kila kitu.

Shamba letu lote ni ekari moja na robo, na sisi ni nyumba tano. Anzeni sasa mkiwa bado na wazee wanaokumbuka mpaka uko wapi.

---

Dereva_Kitale

Nimekuwa nikisoma tu. Nina jambo, na jina langu halijulikani hapa, kwa hivyo nitasema.

Nina mtoto wa miaka 6 nje ya ndoa. Mke wangu hajui. Natuma pesa kila mwezi, karo nalipa, kwenye cheti cha kuzaliwa jina langu lipo. Nikifa?

---

KaraniMstaafu_Ksm

Ndugu yangu, umefanya vizuri kuuliza ukiwa hai.

Mtoto huyo ni mtoto wako mbele ya sheria. Umemkubali, unamlea, jina lako liko kwenye cheti. Asipotajwa kwenye wosia, mama yake anaweza kuomba korti imtengee sehemu kabla mirathi haijathibitishwa, na atasikilizwa. Usipoandika wosia kabisa, atahesabiwa sawa na wenzake. Kwa hivyo suala la kama atajulikana limeisha, lililobaki ni siku gani na kwa mdomo wa nani. Nimewaona wakija kwenye matanga na mtoto mkononi, wakafukuzwa kwa mawe, kisha wakarudi na wakili. Watoto wa nyumbani wanamchukia ndugu yao kabla hawajamjua jina.

Mwambie mke wako. Itakuwa siku ngumu. Kisha mwandikie mtoto wako kilicho chake, waziwazi, kwa jina.

---

Dereva_Kitale

Nimesoma. Nipeni muda.

---

BintiMumias

Kwa Waislamu wenzangu: sisi sheria hiyo ya Sura ya 160 haitugusi kwenye ugawaji. Mafungu yetu yamepangwa na sharia na Kadhi ndiye anayesikiliza. Wasia hauvuki theluthi moja ya mali, na haumwendei mrithi mwenye fungu lake isipokuwa warithi wengine waridhie. Lakini ulezi, madeni, amana za watu ulizoshika na orodha ya mali, hayo yote tunaweza na tunapaswa kuyaandika. Baba yangu aliacha daftari lenye kila deni, hata la mkate wa dukani. Tulilipa yote kabla ya siku ya saba.

---

MwalimuBahati

Daftari hilo nimelipenda sana binti yangu. Nimeanza langu.

Nina swali moja linalonisumbua. Mzee karani alisema mali ya watoto inashikwa hadi miaka 18. Mtoto wa miaka 18 ndiyo kwanza ametoka kidato cha nne. Nimefundisha, nawajua. Akabidhiwe ploti na pesa za bima siku hiyo?

---

KaraniMstaafu_Ksm

Bila wosia, ndiyo, akifika 18 anaweza kudai chake. Kwa wosia una uhuru wa kupanga. Andika wadhamini waendelee kushika hadi umri utakaoona unafaa, walipe karo ya chuo na matibabu kwanza, kisha wampe kwa mafungu. Watu wengi niliowaona waliweka miaka 25. Ila waachie wadhamini nafasi ya kutumia akili. Kijana mmoja atataka pikipiki, mwingine atataka cherehani aanze kazi, na hao wawili hawafanani.

Na ile ploti ya Bahati, fikirieni kuiandika kwa majina yenu wawili kwa umiliki wa pamoja usio na mafungu. Kwa mume na mke sheria inaruhusu. Mmoja akifa, aliyebaki anapeleka cheti cha kifo kwenye ofisi ya ardhi, jina la marehemu linafutwa, na ploti haiingii kwenye mirathi. Wosia utakuwa na kazi hapo iwapo nyote wawili mtaondoka.

Nami nakuuliza jambo. Hao watoto watatu wa majirani zako, mali ya wazazi wao iko mikononi mwa nani?

---

MwalimuBahati

Nimekaa na swali lako siku mbili kabla ya kujibu.

Gari lao dogo lilichukuliwa wiki ileile ya mazishi, nasikia linabeba abiria. Nyumba ilifungwa, vyombo vingine vimetoka. Hakuna aliyefungua saksesheni, yaani mirathi kortini. Kila upande unangoja mwingine.

---

KaraniMstaafu_Ksm

Basi mwambie mtu wa ile familia, kwa upole, kuhusu kifungu cha 45 cha ile Sheria ya Urithi. Mali ya marehemu haiguswi na yeyote kabla ya korti kumpa usimamizi. Kuitumia, kuiuza au kuihamisha ni kosa, kuna faini na kuna kifungo hadi mwaka mmoja, na utalipa ulichotumia. Wengi hawafanyi kwa ubaya, wanaona gari limekaa tu. Lakini hilo gari ni la watoto watatu, na kila safari linachakaa.

Watu wawili, mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama, waende kwa chifu wachukue barua, wafungue mirathi pamoja. Korti itataka wawili hata hivyo. Na aliye na wasiwasi juu ya watoto aende ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, hapo hapo Nakuru au Kisumu. Hawaendi kumshtaki mtu. Wanauliza tu jinsi ndugu watatu wanaweza kukutana na kulelewa karibu.

---

NyarAhero

Mwalimu, wewe ndiye uliyewaona watoto hao wakigawanywa. Ukinyamaza, nani atasema?

---

MwalimuBahati

Nimerudi baada ya wiki tatu.

Wosia wetu uko tayari, wawili, mmoja mmoja. Mashahidi walikuwa mwalimu mkuu wangu mstaafu na fundi mbao wa jirani, hawapati hata kijiko. Dada yangu ni mlezi. Nilipomwomba alikaa kimya, kisha akaniuliza Junia wangu anakunywa dawa gani za pumu na kwa kipimo gani. Nikajua nimemchagua sawasawa. Hilo nalo nimeliandika, kwenye barua tofauti: dawa, shule, nyimbo za kulalia, nani anaogopa giza. Wadhamini ni kaka wa mume wangu na mama mmoja mhasibu wa kanisani. Nakala moja iko kwa wakili aliyetusomea, moja kwa dada, na tumewaambia wadhamini ziko wapi. Fomu za Sacco tumebadilisha zote mbili. Ya ploti tunangoja ofisi ya ardhi. Vihiga mume wangu anakwenda mwezi ujao kukaa na baba zake wadogo.

Kuhusu majirani. Nilipiga simu Busia, mikono ikitetemeka. Nilidhani baba mdogo atanitukana. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema hakujua, alidhani gari likikaa litaoza. Amelirudisha, liko kwenye uwanja wa kanisa, funguo anazo padri. Yeye na nyanya wa Molo wamepata barua ya chifu juzi na wameomba usimamizi pamoja.

Na shangazi wa Kisumu amekubali kumleta mdogo shule zikifungwa. Wa Busia atapanda basi, wa Molo nitamfuata mwenyewe. Nimeomba kitanda kikubwa kwa fundi mbao, kile cha futi tano, ili wale wawili wadogo walale pamoja kama zamani. Anasema kitakuwa tayari Ijumaa.

---

Dereva_Kitale

Mwalimu, nimefurahi. Mimi nilimwambia mke wangu Jumapili. Bado hatuongei vizuri. Lakini jana aliniuliza mtoto anaitwa nani.